Joginder Singh, mekanisie aliyeshinda Safari na gari ya okazio

Kila mwisho wa mwezi, siku chache kiisha mushahara kuingia, barabara ya kutoka Mutoshi kwenda Kolwezi inabadilika sauti. Vijana wetu wanakata eshapema, wanatoa filtri ya hewa, wengine wanatafuta turbo ya gari nyingine na kuipachika ku motere ya Toyota ndogo ya kutoka Japani, motere ambayo haikutengenezwa kwa turbo. Ku sendika habari hii inatufikia kwa njia ya mikopo. Mutu anakuja kuomba musaada wa masomo ya watoto, na ukimuuliza foranga zilikwenda wapi, anakuonyesha gari. Hatukatazi mutu kupenda gari, na sisi pia tunapenda. Lakini yuko mutu mumoja wa Kenya ambaye maisha yake inafaa kusomwa na kila mwenye kutaka nguvu ya motere na hana foranga nyingi. Jina lake Joginder Singh.

Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 2, mwaka wa 1932, kule Kericho, mu milima ya chai ya Kenya. Jamaa yake ilitoka Punjab, ku India. Walikuwa Masingasinga, wale wanaofunga kilemba na hawanyoi ndevu. Watu wa Kenya wanawaita Kalasinga, na tangu zamani jina hilo linakwenda pamoja na ufundi, juu wengi wao walifanya kazi ya reli na ya garaje. Joginder naye njo alianzia pale, kijana mudogo wa kupokeza funguo chini ya gari. Tunalisema hilo mapema juu wengi wanazania mukimbiaji wa magari ni lazima awe mutoto wa tajiri. Huyu mikono yake ilijua mafuta machafu mbele ya kujua vikombe.

Kiisha akapata kazi ku chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kusaidia magari yaliyokufa njiani. Kwa maoni yetu, hii njo ilikuwa shule yake kubwa. Mekanisie wa ku garaje anaona gari moja kwa siku, mbili kwa siku, imeletwa na kamba. Yule wa barabarani anaikuta pale pale ilipoangukia, ingali na moto, na anaona sababu: mavumbi yameingia mu karbirateri, mutambo wa maji umepasuka, buji imejaa weusi, waya imelegea kwa kutikisika. Mutu akiona hayo kila siku, anaanza kujua gari inakufa kwa nini, na vitu vinavyoiua mara nyingi ni vidogo na vya bei kidogo.

Sasa tuseme mashindano yenyewe. Safari ilianza mwaka wa 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza alipovikwa taji. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilometa 5,000, na kiisha ikawa mu siku za Pasaka, ni kusema mu wakati wa mvua. Kitu kimoja kinatupendeza: mwanzoni magari yalipangwa mu makundi kwa kufuata bei yake ku duka. Gari ya bei ndogo ilipigana na wenzake wa bei ndogo. Yalipaswa pia kuwa magari ya kawaida, yale mutu ananunua kwa kwenda kazini na kupeleka muke wake sokoni. Mwaka hata mwaka viwanda vya Ulaya vikaona kama kushinda kule kunauzisha magari, vikaanza kuleta timu zao, na mekanisie wao, na vipande vyao ndani ya ndege. Mwaka wa 1964 ilishinda Ford Cortina. Baba zetu wa Union Minière waliijua vizuri Peugeot 404, na ile 404 ilishinda Safari mwaka wa 1963, kiisha tena 1966, 1967 na 1968.

Lakini mwaka wa 1965, kati ya hizo, iko ya Joginder.

Gari yake ilikuwa Volvo PV544, ya Suède. Mwenye kuiona kwa picha anacheka: iko na mugongo wa mviringo sawa kobe, umbo la magari ya miaka ya 1940. Mwaka ule ule wa 1965 kiwanda kiliacha kuitengeneza. Na haikukuwa mupya. Ilikwisha kukimbia Safari ya 1964 mu timu ya Volvo yenyewe, ikapigwa na mawe na matope ya nchi tatu. Joginder na mudogo wake Jaswant waliipata kama gari ya okazio, wakaifungua na kuitengeneza tena wao wenyewe.

Hapa tukae kidogo, juu njo pale vijana wetu wanakosea. Motere ya ile Volvo iliitwa B18, ya lita 1.8. Kiwanda kiliiuza kwa namna mbili. Yenye karbirateri moja ilitoa nguvu ya farasi karibu 75, na ile yenye karbirateri mbili ilitoa karibu 90. Kile chuma cha kubeba pistoni ni kile kile, na lita ni zile zile. Motere ni sawa mutu anayechimba: ukimuzibia pua hawezi kupiga sururu, hata kama amekula vizuri. Nguvu inatoka ku hewa inayoingia na esanse inayochanganyika nayo kwa kipimo, inabanwa vizuri, inapigwa moto kwa saa yake, kiisha moshi unatoka bila kusongamana. Ukiongeza esanse tu bila hewa, unatengeneza moshi. Ukikata eshapema tu, unatengeneza kelele.

Tena kuna nguvu ambayo gari ilizaliwa nayo na imepoteza. Motere ya kuandikwa farasi 90, ikiwa segma zimechoka, supape hazifungi vizuri, filtri imejaa mavumbi na buji ni za zamani, haiwezi kukupa 90. Farasi zile zilizopotea njo za bei ndogo kuliko zote. Kuzirudisha kunaomba filtri, buji, kupima nafasi ya supape, kusafisha karbirateri, na siku nzima ya mutu mwenye kujua. Uzito nao uko vile vile. Gari ya kilo 1,000 ukiitolea kilo 100 za bure, inapanda mulima sawa vile umeiongezea sehemu moja ya kumi ya nguvu, na hukulipa kitu. Na usisahau kama Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na Nairobi inaipita kidogo. Ku urefu huo hewa ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000, na karbirateri iliyopangwa kwa inchi ya chini inamwaga esanse ya bure. Mekanisie wa Nairobi analijua hilo tangu utoto.

Kuhusu turbo, hatusemi ni mbaya. Dumpa za ku mugodi zinabeba tani nyingi kwa sababu ya turbo. Lakini pistoni zao, mafuta yao na mutambo wao wa kupoza vilipangwa kwa kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Mwenzetu mumoja wa kazi alipachika turbo ya okazio ku motere ya kawaida, akaweka ndani mishahara miwili. Kwa wiki tatu alitupita wote. Kiisha, na ile esanse ya kununua mu bidon pembeni ya barabara, pistoni ikatoboka. Mwezi uliofuata alikwenda kazini kwa miguu, na bibi ya nyumba hakusema naye.

Turudie 1965. Ku kura ya kupanga magari, ndugu wawili walipata nambari 1. Tuseme ukweli: hiyo ilikuwa bahati. Wa kwanza hali mavumbi ya mutu, na matope anayakuta bado hayajakorogwa na magari mengine. Mwenye kusema ilikuwa ujuzi peke yake anadanganya. Lakini nambari 1 haipandishi gari mulima kwa kilometa 5,000, na wengi wenye magari mapya na timu nyuma yao hawakufika. Ile kobe ya Suède ilirudi Nairobi ikiwa mbele ya wote, kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu. Siyo dakika mbili. Mutu angeweza kunawa, kula na kulala kidogo mbele wa pili hajafika. Alikuwa Singasinga wa kwanza kushinda Safari. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1963 tu, na watu mu barabara, weusi na Wahindi, wakamuita Simba. Wazungu walimupa jina la Singasinga anayeruka. Sisi tunapenda lile la Simba.

Mbio zake hazikuishia pale. Miaka ya 1970 Mitsubishi ya Japani, ambayo wakati ule watu wengi hawakuihesabia kitu, ilileta gari ndogo ya Lancer, lita 1.6. Mwaka wa 1974, pamoja na David Doig pembeni yake, Joginder alishinda nayo mu mwaka wa mvua nyingi sana, na aliyefika wa pili alikuwa Björn Waldegård mu Porsche 911. Motere ya Porsche ilikuwa kubwa kuliko yake kwa mbali. Ku barabara kavu na nyoofu ile Lancer isingeweza kuikaribia. Lakini mu matope nguvu kubwa inazungusha pine bure, na gari nyepesi mu mikono ya mwenye kusikiliza motere inatembea. Mwaka wa 1976 alishinda tena, na Lancer zilichukua nafasi zote tatu za kwanza. Akawa mutu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Kiisha alikuja Shekhar Mehta, wa jamaa ya Wahindi wa Uganda, akaishinda mara tano, lakini hiyo ni habari nyingine.

Hesabu tunayoipenda sisi kuliko vikombe ni hii. Joginder alianza Safari mara 22, na alifika mwisho mara 19. Kuna miaka ambayo magari saba tu yalifika kati ya yote yaliyoanza. Kufika mara 19 maana yake mutu anaisikia gari mbele haijavunjika, anajua wakati wa kukanyaga na wakati wa kutoa muguu, na usiku, mahali hakuna timu, anashuka mwenyewe na funguo. Kwa sisi tunaofanya kazi na mashini, huyo ni mufanyakazi mwenzetu.

Alikufa London tarehe 20 mwezi wa 10, mwaka wa 2013, akiwa na miaka 81.