Bwana Studd wa Ibambi

Ukitoka Beni ukapita Mambasa na msitu mkubwa, kisha ukapanda kaskazini upande wa Wamba na Isiro, utafika Ibambi. Hapo alikufa Mwingereza mmoja, Charles Thomas Studd. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti, na siku zile misioni zao na zetu zilishindania vijiji. Lakini habari zake zafaa kusikilizwa.

Alizaliwa mwaka 1860, mtoto wa tajiri. Shuleni alipenda sana kriketi. Mchezo huo si kama mpira wetu wa miguu. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, apate kuangusha vijiti vitatu vilivyosimikwa chini. Mpinzani wake huvilinda kwa gongo la ubao. Akiupiga mpira mbali, hukimbia kujipatia pointi. Wachezaji wengi ni hodari kwa kazi moja tu, kurusha au kupiga. Studd aliziweza zote mbili. Alichezea chuo kikuu cha Cambridge na wilaya ya Middlesex. Mwaka 1882 alipata pointi zaidi ya 1,000, na kwa kurusha kwake akawatoa wapinzani zaidi ya mara 100. Kabla yake mtu mmoja tu, W. G. Grace, aliweza hivyo kwa mwaka mmoja.

Mwaka uleule Waaustralia walikuja London. Mwishoni Waingereza walihitaji pointi 85 tu washinde. Mkuu wao akamweka Studd nyuma, karibu ya mtu wa mwisho. Wenzake wakaingiwa na hofu, wakatolewa mmoja mmoja. Studd alipoingia, hakupata hata mpira mmoja wa kupiga: mwenzake alitolewa, mchezo ukaisha. Walishindwa kwa pointi 7.

Baadaye ndugu yake George akaugua, karibu kufa. Charles aliketi kando ya kitanda, akaona kwamba sifa za uwanjani hazimsaidii mgonjwa kitu. George akapona, lakini Charles aliacha kriketi. Mwaka 1885 akaenda China pamoja na wenzake sita. Huko, alipotimiza miaka 25, alipata urithi wa baba yake, pauni 29,000 hivi. Akaugawa. Alipomwoa Priscilla Stewart mwaka 1888, alimpa bibi arusi pauni zilizobaki. Naye akazitoa zote.

Mwaka 1913 aliingia Kongo pamoja na kijana Alfred Buxton. Umri wake ulipita miaka 50, tena alisumbuliwa na pumu. Alikaa katika nyumba ya udongo na majani, watu wakamwita Bwana Mukubwa. Aliitafsiri Agano Jipya katika Kingwana, ndicho Kiswahili cha Kongo.

Hapa ni vigumu kumsifu kwa yote. Tangu 1916 hakurudi Ulaya tena. Mke wake, aliyeugua moyo, alibaki Uingereza akiitumikia misioni. Mwaka 1928 alikuja Ibambi mara moja, akakaa siku chache, akaondoka. Mwaka 1929 akafa. Tena Studd alidai wenzake wafanye kazi kama yeye, bila kupumzika. Wengine walivunjika moyo wakaenda zao, na mwishowe wakubwa wa chama chake huko Uingereza wakamwondoa katika ukubwa.

Alikufa tarehe 16 Julai 1931. Watu wa msitu walikuja wengi sana kumzika.