Frederick Taylor, mtu aliyepima moto wa meshi

Fundi wa Nundu au Baraka anapotoboa bamba la chuma, huwa na kopo la maji au mafuta machafu karibu naye. Akilisahau, ncha ya meshi inageuka buluu, inalainika, na pesa ya kununua nyingine inatoka mfukoni mwake. Desturi hiyo inaonekana kuwa ya siku zote, lakini kuna Mmarekani aliyekaa miaka 26 akichunguza namna chuma kinavyokatwa.

Frederick Winslow Taylor alizaliwa tarehe 20 Machi 1856 mjini Philadelphia, katika familia tajiri. Alifaulu mtihani wa kuingia Harvard, lakini macho yalimsumbua, akaenda kujifunza ufundi wa mashini. Mwaka 1878 aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale kama kibarua, na baadaye akawa mhandisi mkuu.

Majaribio yake yalianza huko mwaka 1880. Zaidi ya tani 360 za chuma ziligeuzwa maranda. Wakati huo mafundi wengi walikata chuma kikavu, au walidondoshea maji matone tu. Taylor aliona kwamba maji mengi yakimwagwa pale pale ncha inapokutana na chuma, mashini inaweza kwenda haraka zaidi kwa karibu asilimia 40. Mwaka 1884 Midvale ilijenga karakana yenye maji kwa kila mashini, yakiwa yametiwa magadi ili chuma kisishike kutu. Wageni waliingia na kutazama, lakini kwa karibu miaka 15 viwanda vingine havikuiga.

Huko Bethlehem, yeye na Maunsel White waligundua namna ya kuchoma chuma cha kukatia ili kibaki kigumu hata kikiwa chekundu kwa moto. Kilionyeshwa Paris mwaka 1900, na wageni wakashangaa.

Upande mwingine wa maisha yake ulileta ugomvi. Taylor alipima kwa saa kazi ya watu kama alivyopima mashini, na wafanyakazi wengi walimchukia. Mwaka 1911 waligoma katika kiwanda cha silaha cha Watertown, na Bunge la Marekani likamhoji. Hasira yao inaeleweka: mtu hamwagiwi maji akichoka.

Taylor alikufa tarehe 21 Machi 1915, siku moja baada ya kutimiza miaka 59. Titani, madini mepesi yasiyoshika kutu yanayotumiwa leo katika ndege na katika vyuma vya kuungia mifupa, ilikuwa bado haijaingia viwandani. Na titani ndiyo ingemtesa kweli. Chuma cha kawaida hubeba sehemu kubwa ya joto, lakini titani haipitishi joto vizuri, kwa hiyo moto wa msuguano unabaki kwenye ncha. Ikipata moto sana, inaganda kwenye meshi na kuivunja. Anayeitoboa hupunguza mwendo, husukuma bila kusita, maana meshi inayosugua tu bila kukata huongeza moto, na humwaga kipoozi kingi. Meshi nyingine zina tundu ndani linalopeleka kipoozi hadi chini ya shimo, ambako maji ya juu hayafiki.

Baada ya ugunduzi wa Taylor na White, watengenezaji waliongeza kobalti katika chuma chake ili meshi ivumilie moto zaidi. Kobalti nyingi ya dunia leo inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi.