Shekhar Mehta na Gari la Kupimia

Ukiwauliza wapenzi wa michezo wa Lubumbashi wakutajie dereva wa Afrika Mashariki aliyewatesa Wazungu na makampuni yao makubwa ya magari, wengi watanyamaza. Sisi ni watu wa mpira, na mpira kwetu ni Mazembe na Lupopo. Habari za mbio za magari hutufikia usiku kwenye televisheni, kwa Kifaransa, kama habari za nchi isiyotuhusu. Lakini mbio zilizoogopwa kuliko zote duniani zilikimbiwa katika nchi zinazosema lugha tunayoisoma katika kitivo hiki, na zikabeba jina la Kiswahili ambalo hakuna aliyehitaji kulitafsiri: Safari. Na mtu aliyeshinda Safari mara tano, mara nne kati ya hizo mfululizo, alikuwa mtoto wa Uganda aliyefukuzwa kwao.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945. Ukoo wa Mehta ulitoka Gujarati, India, na ulijulikana kwa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Lugazi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, kiwanda kilichoanza mwaka 1924. Kwa hiyo hakuanza mbio kwa umaskini, na sioni haja ya kumtengenezea umaskini ili hadithi yake ipendeze. Alianza akiwa na miaka ishirini na moja, kwa gari la BMW. Fedha ya nyumbani ilimpa gari la kwanza, yaliyofuata hayakununulika.

Mbio zenyewe zilikuwa na umri wa ujana wake. Zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Asubuhi gari linapita katika vumbi laini kama unga, dereva haoni boneti lake; alasiri mvua inanyesha, vumbi lilelile linakuwa tope jeusi linaloshika magurudumu mpaka yasizunguke. Umbali ulikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika barabara ambazo hazikufungwa: malori, mabasi, baiskeli, ng'ombe, twiga na watoto wa shule wote walikuwa na haki ya kupita. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa lori kutoka hapa mpaka Pweto wakati wa mvua hana haja ya maelezo zaidi.

Hesabu yake pia ilikuwa ya pekee. Kila kipande cha njia kilipewa muda wake, na mara nyingi muda huo ulikuwa mfupi kuliko uwezo wa binadamu. Kila dakika ya kuchelewa kituoni ilikuwa alama moja ya adhabu, na mshindi ni yule mwenye adhabu chache. Basi Safari haikumtafuta aliye mwepesi tu. Ilimtafuta atakayepungukiwa kidogo kuliko wenzake, na gari litakalofika likiwa bado gari.

Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili, akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilohilo. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Wajapani wa Datsun walikuwa wamekwisha kuelewa jambo ambalo makampuni mengine yalikuja kulielewa kwa hasara: mbio hizi zinashindwa au zinapotezwa wiki nyingi kabla ya bendera ya kuanzia. Timu iliyotaka ushindi ilifika Kenya mapema na magari mawili ya namna moja. Moja lilikuwa la mashindano, lilitunzwa kama bibi arusi. La pili lilikuwa la kupimia.

Hapa niruhusiwe kusimama kidogo kama mwanafunzi wa lugha. Vitabu vya Kiswahili sanifu vingesema gari la majaribio. Sisi wa Lubumbashi tungesema kupima, na nadhani neno letu linafaa zaidi, kwa sababu kwetu kupima ni kujaribu na ni kutafuta kipimo pia. Gari hilo halikutolewa nje ili kuona kama linakimbia; hilo lilijulikana kiwandani. Lilitolewa ili lipigwe mpaka livunjike, na mahali lilipovunjika paandikwe. Leo mkono wa springi umekatika baada ya kilomita mia kadhaa za mawe: unaongezewa chuma, unarudishwa njiani. Kesho shokabsoba, zile ambazo mafundi wetu wa kando ya barabara huziita amortisere, zimechemka na kuvuja mafuta: zinabadilishwa, au zinawekwa mbili mahali pa moja. Vumbi limeingia katika injini: hewa inatafutiwa njia ya juu zaidi. Maji ya mto yamezima moto wa plagi: nyaya zinafunikwa. Mbele zinafungwa nondo nene za kukinga mnyama, na taa kubwa za usiku. Wakati huohuo dereva na mwelekezi wake wanapita njia yote, wanaandika kila kona, kila daraja, kila bonde lenye mchanga. Kila ubaya uliogunduliwa katika gari la kupimia uliondolewa katika gari la mashindano kabla halijaonja vumbi.

Kazi hii haina picha nzuri. Hakuna anayeshangilia gari linalovunjika saa nane mchana katika pori, wiki tano kabla ya Pasaka. Lakini ni kazi inayompa faida mtu anayekaa hapohapo. Dereva wa Ulaya alikuja, akapima, akarudi kwao kwenye theluji. Mehta barabara zile zilikuwa zake mwaka mzima. Kwa mhandisi wa Kijapani, mtu wa namna hiyo alikuwa na thamani ya vipimo vingi vya kiwandani.

Sasa tufike mwaka 1972, kwa sababu bila huo ushindi wa kwanza unakuwa takwimu tu. Mwezi wa Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku tisini. Makumi ya maelfu waliondoka, wakiacha maduka, nyumba, mashamba na viwanda. Ukoo wa Mehta ulikuwa miongoni mwao. Sukari ya Lugazi ilibaki nyuma, na Shekhar akahamia Kenya. Wasomaji wa hapa wasiitazame habari hii kama ajabu ya jirani. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, na katika mji wetu maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yakabadilisha mikono. Kila familia ya Lubumbashi yenye wazee inajua yaliyofuata katika maduka yale.

Miezi minane baada ya tangazo la Amin, wakati wa Pasaka ya 1973, Mehta alisimama kwenye mstari wa kuanzia, na mwelekezi wake Lofty Drews, katika 240Z. Mwaka huo ndio ubingwa wa dunia wa rali ulianzishwa, na Safari ikawa moja ya mbio zake. Mwisho ulikuwa wa kushangaza. Mehta na Harry Källström, Msweden aliyeendesha Datsun 1800 SSS ya timu hiyohiyo, walifika na adhabu zilezile: 406 kwa 406. Maelfu ya kilomita, na hakuna dakika moja ya kuwatenganisha. Sheria ikaamua kwamba mshindi ni yule aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza, naye alikuwa Mehta. Mtu anaweza kuiita bahati. Mimi naona kwamba sheria hiyo ilimzawadia aliyeanza tayari, na kuanza tayari ndiyo kazi ya gari la kupimia.

Waandishi wa habari walimwandika dereva wa Kenya, na matokeo ya ubingwa wa dunia yanamwandika hivyo mpaka leo. Uganda ilikuwa imemtupa shujaa wake wa michezo miezi minane kabla hajawa shujaa. Nimesikia watu wakisema kwamba Mhindi mwenye mashamba si mfano mzuri wa Mwafrika. Hoja hiyo siikubali. Alizaliwa huku, alijifunza kuendesha huku, na alipofukuzwa nchi moja alihamia ya jirani, si London. Joginder Singh, aliyeshinda Safari mara tatu, alizaliwa Kericho. Naye tumwulize cheti cha babu yake?

Miaka ya katikati naipita haraka, kwa kuwa haikumpa Safari nyingine. Joginder alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, wengine wakachukua zao. Mehta aliendelea kukimbia, na maishani alipata pia mwenzi wa kazi: mke wake Yvonne alikuwa mwelekezi wa rali, na mara nyingi alikaa kiti cha kushoto kwake akimsomea njia.

Kisha ikaja 1979. Mercedes-Benz walileta 450 SLC, gari kubwa la kitajiri lenye injini ya lita tano na silinda nane, pamoja na madereva wakubwa wa dunia. Mtu aliyepanga nafasi za timu kwa kutazama karatasi za kiwanda angewapa Wajerumani ushindi kabla ya kuanza. Datsun walikuja na 160J, ambayo wengi huiita Violet: gari dogo, la magurudumu ya nyuma kuvuta, injini ya kawaida, ekseli ya nyuma ya chuma kimoja kama ya pikapu. Halikuwa na siri yoyote. Lakini kila nati yake ilikuwa imekwisha kupimwa katika mawe ya Kenya, na fundi aliweza kulifungua na kulifunga upya kando ya njia kwa dakika chache. Mehta na mwelekezi Mike Doughty walishinda; Hannu Mikkola wa Mercedes akawa wa pili. Mwaka 1980 walishinda tena, na Mercedes baada ya mwaka huo wakaacha rali. Mwaka 1981 Datsun walichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Wa pili mwaka 1980 na 1981 alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake katika timu. Huyu ni mtu wa kuhurumiwa. Aaltonen alikuja Safari mwaka baada ya mwaka, akajiandaa kwa akili nyingi, akamaliza wa pili mara sita, na hakushinda hata mara moja. Tukimtazama yeye tunaona kwamba kupima peke yake hakutoshi. Mehta alikuwa na kipaji kingine ambacho ni kigumu kukieleza: alijua wapi pa kupunguza mwendo. Madereva wengi hujifunza wapi pa kuongeza.

Mwaka 1982 alimshinda Walter Röhrl, aliyekuwa na Opel Ascona 400 na ambaye mwaka uleule alitwaa ubingwa wa dunia. Huo ulikuwa ushindi wa nne mfululizo, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika Safari. Mwaka uliofuata mfululizo ulikatika. Ari Vatanen alishinda kwa Opel, na nyuma yake zikafika Audi mbili zenye magurudumu manne kuvuta. Datsun, ambao sasa waliitwa Nissan, walikuwa na 240RS, gari zuri lililozaliwa limechelewa: bado lilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma wakati dunia ilikuwa imehamia manne. Hapa ndipo kupima kunapofika mwisho wake. Unaweza kuliimarisha gari mpaka lisivunjike, lakini hutalifanya liwe gari jingine.

Baadaye Mehta aliendesha Peugeot, hata katika mbio za jangwani. Mwaka 1987, katika Rali ya Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya iliyomaliza kazi yake ya udereva. Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa FIA, shirikisho la magari la dunia, akafika kuwa mkuu wa tume yake ya rali, mezani pa watu wanaoandika sheria. Huko aliiona Safari ikiondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, siku ya Jumatano kabla ya Pasaka, akiwa na miaka sitini.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikizunguka Naivasha, ikiwa fupi mno kuliko zile za Mehta, na barabara zake za mashindano zimefungwa. Toyota walishika nafasi mbili za kwanza, Sébastien Ogier mbele ya Takamoto Katsuta. Siku za kupima magari sasa zinahesabiwa kwa sheria ili timu tajiri zisizimeze nyingine, na hakuna kampuni inayokaa Kenya wiki nyingi ikivunja gari lake kwa makusudi. Magari yanafika yakiwa yamepimwa kwenye mawe ya nchi nyingine. Vumbi la Naivasha, lakini, bado linaingia katika injini zao.