Edgar Codd: Rubani aliyetufunza kuiuliza data bila kujua njia

Kama unaunda programu za simu au tovuti, huenda kila siku unaandika SELECT bila kumkumbuka mtu yeyote. Leo hebu mkumbuke Edgar Frank Codd. Ni mzee huyu, aliyefariki 2003, aliyefanya iwezekane wewe kuiuliza hifadhidata unachotaka kwa mistari mitatu tu na kupata jibu. Na siku swali lako, ile kweri yako, inapoanza kujikokota, dawa yake imo ndani ya wazo lake hilo hilo.

Codd alizaliwa Agosti 19, 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, kitindamimba katika familia ya watoto saba. Mamake alikuwa mwalimu. Kijana alipata ufadhili wa kusomea hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini Vita vya Pili vya Dunia vikamkatiza, akawa rubani katika jeshi la anga. Vita vilipoisha alirudi kumaliza masomo, kisha 1948 akavuka bahari hadi New York. Haikuchukua muda akaajiriwa na IBM, wakati ambapo tarakilishi moja ilijaza chumba kizima.

Jamaa hakuwa mtu wa kunyamazia jambo asilokubaliana nalo. Mwaka wa 1953, seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, Codd alikasirika akahama Marekani na kwenda kufanya kazi Canada. Alirudi 1957. Alikuwa amepita umri wa miaka 40 alipopata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan mnamo 1965. Kwa hivyo wewe unayedhani ukifika 25 bila jina umechelewa, tulia kwanza.

Miaka michache baadaye alihamia maabara ya IBM mjini San Jose, California. Huko ndiko alikokutana na tatizo lililobadilisha maisha yake. Wakati huo IBM ilikuwa ikiuza mfumo wake wa hifadhidata uitwao IMS, uliotokana na kazi ya kufuatilia vipuri vya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Si mchezo, mfumo huo ulifanya kazi. Taabu ni kwamba mwandishi wa programu alilazimika kuijua njia yote ya kuifikia data: anzia hapa, shuka tawi hili, ruka hadi rekodi ile.

Ni kama kumwelekeza mgeni Githurai. Unamwambia ashuke steji, apinde kushoto penye kibanda cha chipsi, ahesabu geti tatu. Siku kibanda kikihamishwa, mgeni wako amepotea. Programu za enzi hizo zilipotea vivyo hivyo. Ukibadilisha mpangilio wa data, unarudi kuandika upya programu nzima.

Codd alisema hapana. Mnamo Juni 1970 alichapisha makala iliyopendekeza data yote ikae katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na majedwali hayo yaunganishwe kwa thamani zilizomo, mathalan nambari ya mteja. Mtumiaji aseme anataka nini. Namna ya kukipata iwe kazi ya mfumo. Fikiria unavyopanda bodaboda: unamtajia mwendeshaji unakoenda, njia za panya anazijua mwenyewe.

Ungedhani wakubwa wake wangemshangilia. Wapi! IMS ilikuwa ikiingiza pesa, na kampuni haikuharakisha kukumbatia kitu ambacho kingeshindana nayo. Wapinzani nao walikuwa na hoja nzito: mfumo unaojitafutia njia ungewezaje kuwa na kasi kama ya mtaalamu anayeielekeza mashine hatua kwa hatua? Mnamo 1974 Codd alijadiliana hadharani na Charles Bachman, gwiji wa mifumo ya zamani aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Turing mwaka mmoja kabla.

Jibu la hoja ya kasi lilitoka kwa vijana wa maabara ile ile ya San Jose, katika mradi ulioitwa System R. Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha ambayo leo tunaiita SQL. Naye Patricia Selinger na wenzake, katika makala ya 1979, walieleza jinsi mfumo unavyoweza kuzipima njia kadhaa za kulijibu swali, kukadiria gharama ya kila moja, kisha kuchagua ya bei nafuu. Mwendeshaji wetu wa boda sasa alikuwa na akili ya kukwepa jam.

Mwaka huo huo kampuni changa ya Larry Ellison, iliyofuata mawazo yaliyokuwa yamechapishwa na watafiti wa IBM, iliuza hifadhidata ya SQL iliyoitwa Oracle. IBM yenyewe ilikuja kuuza yake 1981. Mwaka huo Codd alipewa Tuzo ya Turing. Utajiri mkubwa uliotokana na wazo lake uliwaendea wengine. Hata SQL yenyewe hakuiridhia kikamilifu, kwani aliona imepotoka kutoka kwa hesabu alizoziweka. Aliondoka IBM 1984 na mwaka uliofuata akatoa kanuni zake maarufu za kupima kama hifadhidata inastahili jina hilo. Alifariki Aprili 18, 2003 jimboni Florida akiwa na umri wa miaka 79.

Sasa hii inakuhusu vipi wewe ambaye programu yako ya duka ilipaa ikiwa na wateja 200, na leo ina mistari milioni moja na kila ukurasa unazunguka tu? Inakuhusu hivi: kwa kuwa Codd alitenganisha unachotaka na njia ya kukipata, unaweza kuirekebisha njia bila kubomoa programu.

Anza kwa kuuliza mfumo umepita wapi. Kwenye PostgreSQL au MySQL, weka neno EXPLAIN mbele ya swali lako, nao utakuonyesha mpango wake. Ukiona unasoma jedwali zima ili kupata oda za mteja mmoja, pengine safu ya nambari ya mteja haina faharasa. Faharasa hii ni kama ile ya nyuma ya kitabu. Badala ya kupekua mistari milioni moja, mfumo unashuka hatua chache tu na kufika. Lakini usiweke faharasa kila mahali, maana kila mstari mpya unaoingia lazima uandikwe huko pia.

Chunga pia unavyouliza. Ukiifunika safu ya tarehe kwa YEAR ili kupata oda za 2024, faharasa ya kawaida ya tarehe huenda isitumike. Taja tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Na kama programu yako inaleta oda 1,000, kisha inauliza jina la mteja mara 1,000 nyingine, kosa si la hifadhidata. Yaunganishe majedwali kwa JOIN, uulize mara moja. Mara nyingine swali ni safi lakini takwimu ambazo mfumo hutumia kukadiria zimepitwa na wakati. Hapo amri ya ANALYZE husaidia.

Ukikwama, omba msaada, hakuna aibu. Ila usiwaambie watu tu kwamba mambo yanakawia halafu ukae kungoja muujiza. Waonyeshe swali lenyewe, muundo wa majedwali, idadi ya mistari, faharasa zilizopo, toleo la hifadhidata na mpango uliotolewa na EXPLAIN. Eleza pia kwa maneno ya kawaida unataka kupata nini, kwa sababu anayekusaidia anaweza kukuonyesha swali bora zaidi la kufika pale pale. Na tafadhali, majina na nambari za simu za wateja wako ziondoe kwanza. Si zako za kugawa.

Codd alisubiri miaka 11 tangu makala yake ya 1970 hadi mwajiri wake alipouza hifadhidata ya aina aliyoipendekeza. Wewe, kwa urithi aliokuachia, unaweza kuujua mpango wa swali lako kabla chai haijapoa.