Mackay, fundi wa kukereza chuma aliyefuata njia ya wapagazi

UKITAJA Tabora na njia yake ya kale ya misafara, wengi hukumbuka pembe za ndovu, biashara ya watumwa, na tembe la Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley. Ni wachache wanaojua kuwa katika miaka ya 1870 wapagazi wa njia za bara walibeba pia injini ya mvuke, ikiwa vipande vipande, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Aliyeisanifu injini hiyo ni Alexander Mackay, Mskochi anayejulikana zaidi Uganda kama mmisionari. Kwetu hajulikani sana, ingawa alifia na kuzikwa katika ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Mackay hakuwa padri wala mchungaji, na hakupata kuwa hata siku moja. Alikuwa fundi wa mitambo, na maisha yake yanafaa kusomwa na kila kijana anayeshinda karakana akijifunza kukereza chuma, pamoja na mzazi wake anayejiuliza kama ada anayolipa itarudi.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire. Baba yake, mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland, alimfundisha mwenyewe nyumbani hadi alipofikisha umri wa miaka 14, akitumaini kuwa mwana atafuata nyayo zake. Mtoto alipenda zaidi kibanda cha mhunzi wa kijiji. Alikuwa akienda kwa miguu hadi kituo cha reli cha Gartly, maili kadhaa kwenda na kurudi, ili tu aitazame injini ya treni kwa dakika chache ilizosimama.

Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu mjini Edinburgh. Alipohitimu hakwenda kufundisha moja kwa moja, bali alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma hesabu za juu, fizikia na uhandisi. Asubuhi alifundisha shule ili apate nauli na chakula. Masomo ya darasani hayakumtosha, hivyo akajiunga na karakana ya Miller and Herbert huko Leith, bandari ya Edinburgh. Hapo alivaa nguo za kazi kama mwanagenzi mwingine yeyote, akajifunza kutengeneza vielelezo vya mitambo, kukereza chuma na kuunganisha sehemu za mashine.

Tusimame kidogo hapo Leith, maana ndipo penye mzizi wa habari yote. Kazi ya kuunganisha mashine si sawa na kufua jembe. Jembe likizidi au likipungua unene kidogo, shamba litalimika tu. Lakini pistoni ya injini huingia ndani ya silinda, na nafasi kati yao ikizidi mno mvuke hupita pembeni na nguvu hupotea. Ikibana kupita kiasi, chuma hupata moto, hupanuka na kukwama. Tofauti ya kazi nzuri na mbovu huweza kuwa nyembamba kuliko unywele. Mwanagenzi hufunga chuma kwenye jiliwa, akapiga tupa, akapima, akapiga tupa tena, akapima tena. Miezi ya mwanzo huharibu vyuma vingi. Baadaye mkono huanza kuhisi kile ambacho jicho halioni, na ujuzi huo hauwezi kuandikwa ubaoni.

Uingereza ya wakati huo ilikuwa imepiga hatua nyingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alikuwa amependekeza vipimo vya pamoja vya hesi za bolti na nati, kiasi kwamba bolti ya kiwanda kimoja iliweza kuingia nati ya kiwanda kingine. Fundi wa Leith akipoteza bolti, alinunua nyingine mtaani. Mackay hakujua kuwa angekwenda kuishi mahali ambapo bolti ikipotea, dukani hapo hapo ni mikono yake.

Novemba 1873 alikwenda Ujerumani kujifunza lugha, akapata kazi ya kuchora ramani za mitambo katika kiwanda kimoja cha Moabit, Berlin. Huko alibuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau, na waajiri wake wakampandisha kuwa mkuu wa idara ya injini za treni. Kijana wa miaka isiyozidi 26, mgeni katika nchi ya watu, alikuwa amefika pazuri. Wengi wangetulia hapo.

Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Stanley iliyoeleza kuwa Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu, na kwamba mtu wa kazi za mikono angefaa zaidi kuliko mhubiri mtupu. Shirika la Church Missionary Society (CMS) likatafuta watu, Mackay akaomba, na Januari 1876 akakubaliwa. Wote walikuwa wanane.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusanifu injini ya boti ya ziwani, ambayo ingeweza pia kuendesha msumeno nchi kavu. Hapa ndipo njia ya misafara ilipompa mtihani. Kutoka pwani hadi bara hakukuwa na barabara ya magurudumu, na mdudu mbung'o aliua ng'ombe na punda njiani. Kila kitu kilipanda begani au kichwani mwa mpagazi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30. Stanley, aliyekuwa na haraka, alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Tabora mwaka 1871. Boila la mvuke haliwezi kukatwa kama jora la kitambaa. Mackay alilisanifu kwa pete za chuma, ili kila kipande kiwezekane kwa wapagazi wawili, kisha vyote viunganishwe ziwani bila kuvuja. Kwa maneno mengine, Mnyamwezi aliyekuwa na bega lenye sugu ndiye aliyeamua umbo la boila lile, ingawa hakuwahi kuuona mchoro wake.

Walifika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876. Walijaribu mito ya Wami na Ruvu kwa boti yao ndogo, Daisy, wakakuta haipitiki. Mackay aliugua akielekea Mpwapwa, akarudishwa pwani, na mwaka 1877 akapewa kazi ya kufyeka barabara ya mikokoteni kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban kilomita 370. Wenzake waliotangulia hawakuwa na bahati. Dk. John Smith alifariki kando ya ziwa mwaka 1877, na Desemba mwaka huo Luteni Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro.

Juni 1878 Mackay alifika Kageyi, kusini mwa ziwa, akakuta shehena ya misheni imerundikwa ovyo: mabomba, pete za boila, vitabu vilivyoliwa na mchwa, vyuma vyenye kutu. Akaanza kupanga kipande kwa kipande. Daisy nayo ilikuwa mbovu. Aliitengeneza, akasafiri nayo pamoja na Wilson, na dhoruba ikaivunja ufukweni. Alikata sehemu ya katikati akatumia mbao zake kuziba ncha mbili, na baada ya karibu miezi miwili wakasafiri tena wakiwa na boti fupi. Novemba 1878 alifika kwa Mutesa.

Buganda alijenga karakana yenye mivukuto, fuawe na mashine ya kukereza. Alichimba kisima na kufunga pampu, na watu walistaajabu kuona maji yakipanda juu yenyewe. Alikata herufi za kuchapia kwa mkono. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882 aliombwa atengeneze jeneza, kazi kubwa ya mbao na shaba iliyohitaji majeneza matatu, moja ndani ya jingine. Wahunzi wa Kabaka walifanya kazi naye, na vijana walijaa karakana wakijifunza kusoma na kushika nyundo kwa pamoja. Mutesa kwa upande wake alitaka hasa bunduki na baruti, jambo lililozusha mivutano isiyokwisha.

Vifaa vilitoka mbali. Mwaka 1880 Mackay alilazimika kusafiri hadi Uyui, jirani na Tabora, ambako CMS ilikuwa na kituo, kufuata mizigo kutoka pwani. Uyui ya leo ni wilaya ya Mkoa wa Tabora. Enzi hizo soko la Unyanyembe lilijaa majembe ya wahunzi wa Kilongo na Wasumbwa kutoka kaskazini, na jembe lilitumika kama fedha na kama mahari. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa Mackay alileta chuma kwa watu wasiokijua. Ufundi wa kuyeyusha mawe ya chuma ulikuwepo, na ulirithishwa na baba kwa mwana kwa miaka mingi. Alicholeta ni kipimo.

Mutesa alifariki mwaka 1884 na Mwanga akarithi kiti. Januari 1885 Mackay alikuwa akielekea ziwani na vijana wa misheni pale walipokamatwa na watu wa mfalme. Tarehe 31 watatu kati ya vijana wa misheni, Kakumba, Serwanga na Lugalama, waliuawa kwa moto. Lugalama alikuwa bado mtoto. Mackay alikwenda kuwaombea, hakusikilizwa. Mwaka uliofuata wengi zaidi waliuawa, Wakatoliki kwa Waanglikana. Kwa mwalimu wa ufundi hakuna hasara kubwa kuliko hiyo, kwani mashine huagizwa nyingine.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno, aligombana na wafanyabiashara Waarabu na mapadri Wafaransa vile vile, na katika barua zake aliwahimiza Waingereza waingilie kati. Msomaji anaweza kumlaumu kwa hilo, na ana haki.

Julai 1887 Mwanga alimfukuza. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaanza upya akiwa peke yake kwa muda mrefu. Agosti 1889 Stanley alipita hapo akitoka kumtafuta Emin Pasha, akakuta karakana imejaa mashine na zana, wahunzi wakishughulikia boila la boti, mtumbwi mkubwa ukikarabatiwa, magogo yakipasuliwa mbao, zizi la ng'ombe na banda la mbuzi. Boila ni ya mradi ule ule wa boti ya mvuke, baada ya miaka 13.

Mwaka huo Mackay aliandika pendekezo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko boti. Alisema ni kosa kutawanya Wazungu wachache katika vituo vingi vidogo, ambako hufa kwa homa kabla hawajafundisha lolote. Alitaka vituo vichache vyenye walimu wa kutosha, vya kuwafunza Waafrika ambao wangekwenda kuwafunza Waafrika wenzao. Alitetea pia reli, akiamini kuwa usafiri wa mabega ndio uliokuwa ukinyonga kila biashara isiyokuwa ya pembe na watu.

Stanley alimshauri aondoke naye akapumzike. Alikataa. Tarehe 8 Februari 1890 malaria ilimuua akiwa na umri wa miaka 40, boti ikiwa haijakamilika.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na pamoja nayo karakana za kisasa za chuma. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya mji, iligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mafundi walichonga chapa za chuma na kugonga maelfu ya sarafu, mahali ambapo miaka 40 kabla bolti moja ilisafiri miezi mitatu begani. Leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei ya juu.

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro na kupelekwa Namirembe, Kampala, ambako imezikwa kando ya kanisa kuu.