Barnardo na watoto wa London

Thomas Barnardo, Mkristo wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1845, alikwenda London kusomea udaktari, nia yake ikiwa ni kuhubiri China. Hakufika huko. Aliwakuta watoto wakilala juu ya mapaa, na mwaka 1870 akawafungulia wavulana nyumba Stepney. Usiku mmoja nafasi zilijaa, akamrudisha mtoto wa miaka 11; siku chache baadaye mtoto huyo alikutwa amekufa. Tangu hapo hakuna fukara aliyekataliwa mlangoni. Baadaye akawapeleka wengine kulelewa na familia za vijijini kwa malipo.

Lakini ndugu msomaji, huruma nayo ina mipaka. Wapo aliowapeleka Kanada bila ridhaa ya wazazi. Mwaka 1891, mama mmoja maskini alimshinda katika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza.