Jimmy Murphy: Kocha aliyeinusuru Man United, kisha akala 4-0 San Siro

Ukitazama matokeo peke yake utasema ni aibu. AC Milan 4, Manchester United 0. Ilikuwa marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Ulaya, San Siro, Mei 14, 1958. United waking'oka kwa jumla ya mabao 5-2.

Lakini kichapo kile kina stori yake, na mwenye stori ni Jimmy Murphy, msaidizi wa Matt Busby ambaye mashabiki wengi wa leo wanamsikia kwa mbali tu.

Fundi wa vijana

Murphy alizaliwa 1910 Pentre, kwenye bonde la Rhondda huko Wales, eneo la wachimba makaa ya mawe. Alicheza kiungo West Bromwich Albion, akaichezea Wales mechi 15. Mwaka 1935 alifika fainali ya Kombe la FA, West Brom wakalala 4-2 mbele ya Sheffield Wednesday.

Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka Italia. Huko Bari, mwaka 1945, Busby alimkuta akiongea na wanajeshi kuhusu soka. Alivutiwa naye, akamwomba waende wote Old Trafford.

Kazi yake kubwa pale ilikuwa kuwanoa vijana. Duncan Edwards na Bobby Charlton wote walipita mikononi mwake. Timu yake ya vijana ilibeba Kombe la FA la Vijana mara tano mfululizo, kuanzia 1953 hadi 1957.

Siti aliyoiacha

Februari 1958, United walikwenda Belgrade kucheza na Red Star. Kwa kawaida Murphy alikaa na Busby kwenye ndege. Safari hii hakwenda, maana alikuwa pia kocha wa Wales, na Februari 5 Wales ilikuwa Cardiff ikisaka tiketi ya Kombe la Dunia dhidi ya Israel. Ikashinda 2-0.

Siku hiyo hiyo United walitoka sare ya 3-3 na kutinga nusu fainali. Kesho yake, ndege yao ikapata ajali Munich ikijaribu kuruka. Watu 23 walipoteza maisha, wakiwemo wachezaji wanane. Kocha Bert Whalley, aliyesafiri kwenye nafasi ya Murphy, naye alifariki.

Busby alikuwa mahututi hospitalini. Klabu ikabaki na mtu mmoja wa kuishika: Murphy.

Siku 13 za kutafuta timu

Mechi ya kwanza baada ya ajali ilikuwa Februari 19, Kombe la FA, dhidi ya Sheffield Wednesday. Kwenye jarida la mechi, nafasi za majina ya wachezaji wa United ziliachwa wazi, kwa sababu timu ilikuwa haijajulikana.

Murphy alimchukua Ernie Taylor kutoka Blackpool. Stan Crowther wa Aston Villa yeye alisajiliwa ikiwa imebaki kama saa moja tu mpira uanze! Wengine wakawa madogo wa akiba. United wakashinda 3-0, na kinda Shay Brennan akatupia mawili.

Kwenye ligi mambo yalikuwa magumu, walishinda mechi moja tu kati ya 14 zilizobaki. Kwenye FA wakafika hadi fainali Wembley, Mei 3, wakafungwa 2-0 na Bolton.

Halafu Milan

Siku tano baadaye Milan wakatua Old Trafford. Charlton hakuwepo, England ilimchukua kwa mechi za kirafiki. United wakashinda 2-1.

Marudiano yakawa habari nyingine. Milan ilikuwa na Juan Schiaffino, bingwa wa dunia wa 1950 na Uruguay, aliyefunga mawili. Nils Liedholm akaweka penalti, Giancarlo Danova akamalizia. Upande wa United, Harry Gregg, Bill Foulkes, Dennis Viollet na Kenny Morgans walikuwa wametoka kwenye ajali ile miezi mitatu tu nyuma. Kufika tu uwanjani ilikuwa kazi.

Akarudi nyuma ya Busby

Mwezi uliofuata Murphy aliipeleka Wales robo fainali ya Kombe la Dunia Sweden. Ilitolewa 1-0 na Brazil, kwa bao la dogo wa miaka 17 anayeitwa Pelé.

Busby alipopona, Murphy alirudi kwenye nafasi yake ya usaidizi bila makeke. Mwaka 1968 United walitwaa Kombe la Ulaya kwa kuichapa Benfica 4-1. Foulkes, Charlton na Brennan walikuwemo kikosini.

Murphy alifariki Novemba 1989 akiwa na miaka 79. Tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa United ina jina lake, na tangu 2023 sanamu yake imesimama Old Trafford.